Kaburi la Bwana Pembe

Lushoto, 10 Januari 2024

Baba Mkubwa Lucian,

Shikamoo. Najua masikio yako yamefunga duka na simu kwako ni kitu cha kupasulia karanga, kwa hiyo nampa Clemence barua hii pamoja na kipande cha jibini ya Irente. Anapanda huko Rangwi kuchukua kabichi kila Jumatano na Jumamosi. Majibu mpe yeye.

Nimo vitani, na safari hii nahitaji mkono wako.

Unakijua kitabu changu kuhusu baba yako, Babu Mika. Nimeandika humo, na nimerudia magazetini mpaka wahariri wamechoka, kwamba ile stoo ya kahawa, shule na kikanisa kule kwenye shamba letu la zamani ni kazi ya akili yake. Kuta zinazoshuka na mlima kama ngazi, madirisha yasiyolingana, mwanga unaotembea darasani kutwa nzima: vyote alivibuni fundi Mshambaa asiyewahi kushika penseli. Nimeonyesha hata alama za patasi yake kwenye mawe, zilizolala upande wa kushoto kwa sababu alikuwa mtu wa mashoto. Nimechoka kuambiwa kwamba kila kizuri katika milima hii kilishuka kutoka melini.

Sasa amekuja profesa mmoja kutoka Ulaya. Maisha yake yote amemchimba mtu mmoja, Isidor Kalmanson, yule mliyemwita Bwana Pembe. Kumbe alikuwa mtu mkubwa! Myahudi, mwana wa fundi cherehani wa Breslau, mchoraji na msanifu majengo. Wenzake walipochora maua na farasi, yeye alichora miraba inayoanguka na duara zilizokatwa, akasema nyumba ni picha ambayo mtu anaweza kuingia ndani. Walimcheka, kisha wakamwiga. Halafu Wajerumani wa Hitla wakazitoa picha zake ukutani na kuzichoma, naye akakimbia, akateremka Tanga mwaka 1936 na sanduku moja.

Yote hayo nayakubali. Nisichokubali ni hitimisho la Profesa kwamba majengo yetu matatu ni yake, eti "mkono wake unaonekana". Stoo ilijengwa 1943. Bwana Pembe alifia nyumbani kwetu Mei 1940, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya Mwingereza, akaandika kifo kitabuni, na jiwe la kaburi lipo. Maiti hachori ramani! Profesa anajibu kwamba karatasi hudanganya. Anataka mifupa. Basi nimemwambia mbele ya watu: mifupa utapewa.

Fomu ya kuomba kibali cha kufukua imo ndani ya bahasha. Mkubwa wa ukoo ndiye anayetia sahihi. Weka jina lako nimfunge mtu huyu mdomo.

Mwanao,
Elieshi


Rangwi, 20 Januari 2024

Mwanangu Elieshi,

Marahaba. Jibini nimeipata. Huku baridi ni kali na ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Kuhusu ile fomu, binti yangu, kwanza mvua zinakaribia na udongo wa pale huporomoka. Pili, mtu aliyelala miaka themanini na minne si vizuri kumwamsha kwa sababu ya ubishi. Tatu, fomu yenyewe imeliwa na panya.

Profesa mwache aseme. Majengo hayaanguki kwa maneno.

Jiwe lile bado limesimama? Mimi njia ile sijaipita tangu nilipokuwa kijana. Ndugu yako Jonas analima karibu nalo? Mwambie awache hatua kumi kila upande.

Baba yako Mkubwa,
Lucian


Lushoto, 24 Januari 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Panya wako ni wasomi. Wameacha jibini wakala fomu ya serikali.

Nitasema kwa heshima, lakini nitasema. Umewaogopa Wazungu maisha yako yote. Ulikuwa mwalimu miaka thelathini na sita, ukafundisha watoto majina ya wapelelezi waliokuja "kuvumbua" milima ambayo bibi zao walikuwa wanaipanda na mizigo ya ndizi. Leo baba yako mzazi anavuliwa kazi zake moja moja mchana kweupe, na wewe unanieleza habari za ukungu!

Ukinyamaza, kitabu cha Profesa ndicho kitakachosomwa. Mika atabaki "kibarua wa Kalmanson", mtu wa kubeba zege. Hilo ndilo unalotaka liandikwe?

Nimezungumza na Jonas. Anasema shamba ni lake kwa sasa na yuko tayari kutia sahihi kwa niaba yako. Nakupa nafasi ya kulifanya mwenyewe. Fomu mpya hii hapa. Ifiche panya wasiione.

Elieshi


Rangwi, 27 Januari 2024

Elieshi,

Mwambie Jonas asiandike jina lake. Nakuomba. Mimi sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe.

Zamani tulianza barua kwa kusema mashaka yetu ni juu ya yule aliye mbali. Yalikuwa maneno ya adabu tu, hakuna aliyeyafikiria. Leo nayaandika kwa kuyamaanisha. Mashaka yangu ni juu yenu.

Usiniulize sababu. Jonas asiandike.

Lucian


Lushoto, 6 Machi 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimekaa wiki tano bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, kisha kwa sababu nilikuwa na kazi. Kibali kimetoka. Tutafukua Jumanne ijayo, tarehe 12, saa nne asubuhi. Profesa amerudi, ofisi ya wilaya inamleta afisa wa afya, na gazeti moja linatuma mwandishi. Jonas alitia sahihi Ijumaa iliyopita.

Sasa tulia usome pole pole. Jumapili Jonas alikuwa anapanda na pikipiki kutoka Mazinde alikokwenda kuchukua mbegu. Kwenye kona ya tatu, barabara kavu, hakuna gari mbele wala nyuma, akaanguka. Mguu umevunjika mahali pawili. Yuko hospitali, anaongea, anakula, anawatukana wauguzi, kwa hiyo atapona.

Najua utakachofikiri. Pikipiki zinaanguka kila siku katika milima hii na hakuna kaburi lililofunguliwa. Mimi ni mtu wa vitabu.

Lakini nimemuuliza Jonas kilichomwangusha. Amesema mkono wa kulia, ule uliotia sahihi, uliisha nguvu ghafla kama si wake. Halafu akacheka. Mimi sikucheka.

Kama kuna kitu unakijua, niambie sasa.

Elieshi


Rangwi, 9 Machi 2024

Mwanangu Elieshi,

Nimeandika barua hii siku tatu. Isome ukiwa peke yako.

Nianze na lililomo kaburini: mgomba. Shina la mgomba lililovikwa sanda, na mawe ya kulipa uzito wa mtu. Bwana Pembe hakufa mwaka ule.

Nilikuwa na miaka saba. Waingereza walikuwa wanawakusanya Wajerumani wote kuwapeleka kambini kwa sababu ya vita. Bwana Pembe alikuwa Myahudi kwa kuzaliwa lakini pasi yake ilikuwa ya Kijerumani, na sheria ilitazama pasi. Angefungiwa pamoja na masetla waliotundika bendera ya Hitla sebuleni, waliomwambia usoni yatakayowapata watu wake. Akaja kwa baba, akasema, "Mika, nikiingia na hawa, sitoki."

Baba alifikiri siku tatu. Unajua desturi yetu ya kale: mtu akipotelea mtoni au akichukuliwa na mnyama, mwili usipatikane, tunazika mgomba mahali pake ili matanga yapate mwisho. Baba aliichukua desturi ile akaigeuza chini juu. Alimzikia mgomba mtu mzima. Akatangaza homa, kisha akatangaza kifo. Mama yangu Esteria akaweka utumbo wa mbuzi chini ya sanda, ukakaa siku mbili, na harufu ikafanya kazi yake. Askari hakutaka kufungua jeneza. Bwana Shauri alivua kofia.

Lakini aliyesadikisha kifo kile ni mimi. Bwana Pembe alikuwa amenifundisha kuchora duara kwa kamba na vijiti viwili. Nilimpenda. Watu wazima wote waliosimama pale walikuwa wanaigiza kilio. Mimi hakuna aliyeniambia. Mtoto hawezi kutunza siri, walisema, basi mwache alie. Nililia mpaka nikatapika. Bwana Shauri alinitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua kitabu chake akaandika.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, mama alinituma kuchukua chumvi darini, juu ya jiko. Nikapanda ngazi. Maiti amekaa pale kwenye moshi, anakula bada, ugali wa muhogo, kwa mkono. Akanisalimu Kishambaa, "Onga makeo, Lusiani."

Nilianguka ngazi yote. Sikusema neno tena mpaka mahindi yalipovunwa. Mama alisema kila siku, "Hukuona kitu." Nikawa mtu ambaye hakuona kitu. Nilipokua niliomba kazi Rangwi, nikawa mbali na jiwe lile.

Sasa unataka kujua nani alichora majengo. Nitakuambia nilichokishika kwa mkono wangu, nacho ni kamba. Baba hakuchora kwenye karatasi. Alichora nyumba nzima chini, kwa majivu, kwa ukubwa wake wa kweli, mimi nimeshika ncha ya kamba. Alfajiri, ukungu ukiwa mzito hata huoni ng'ombe, Bwana Pembe alishuka kutoka darini akatembea ndani ya mistari ile. Walibishana kwa kunong'ona kama wezi. Yeye alitaka pembe iliyonyooka, baba akasema mlima haukubali, akafuta kwa mguu. Baba alitaka dirisha dogo, Bwana Pembe akafuta kwa mguu. Siku nyingine mama aliinjika uji katika jiko ambalo bado ni majivu tu, waone moshi unaelekea wapi. Wote wawili walimsikiliza yeye.

Wewe unasema ni Babu peke yake. Profesa wako anasema ni Bwana Pembe peke yake. Nyote wawili hamkushika kamba.

Utauliza kwa nini vita vilipoisha hakutoka. Baba alimwambia atoke. Bwana Pembe akaandika barua kwao kwa siri, kupitia kwa padri mmoja. Jibu lilikuja baada ya mwaka. Mama yake, dada zake wawili, watoto wao sita, hakuna hata mmoja aliyebaki. Akamwambia baba, "Mika, wote wameandikwa wafu. Niache na mimi niwe kwenye orodha yao." Akatuapisha. Alikufa kweli mwaka 1957, tukamzika kwenye ukungu, juu ya chemchemi, bila jiwe. Baba akapanda mgomba juu yake. Migomba ile ipo mpaka leo. Utotoni ulizipenda sana ndizi zake. Nisamehe.

Wazee walisema kaburi la mgomba likifunguliwa likakutwa tupu, hudai mwenyewe wa kulala humo. Mimi nimesoma katekisimu, nimefundisha sayansi darasa la saba, na naogopa. Jonas amekuwa wa kwanza kuguswa. Wewe ndiwe uliyelitaka. Zuia, mwanangu.

Baba yako Mkubwa,
Lucian


Lushoto, 13 Machi 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Sikuweza kuzuia.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini kuomba kibali kifutwe. Wakaniuliza sababu. Sababu niliyokuwa nayo ni moja, na hiyo ingewafanya wakimbilie majembe. Nikarudi nyumbani. Nitakuambia nilichokifanya, kwa kuwa wewe umeniambia kikubwa zaidi. Niliwasha jiko la mkaa nikaishika barua yako juu yake. Bila barua ile, kaburi tupu ni kaburi tupu: nitasema wezi, nitasema fisi, nitasema Waingereza. Ubishi ndio kazi yangu, ningeshinda. Miaka ishirini nimewaita watu waoga magazetini, na pale nimesimama nachoma ushahidi kwa ajili ya kitabu.

Kona moja ya karatasi imeungua. Iliyobaki ninayo.

Jumanne saa nne ukungu ulikuwa haujainuka. Walikuwepo wachimbaji wanne, afisa wa afya, yule mwandishi, Profesa na mwamvuli wake, na majirani wengi waliosimama mbali, nyuma ya ua. Kabla jembe halijagusa udongo nikasema kwa sauti, "Humo hamna mtu." Nikawasomea barua yako, tangu mgomba mpaka kamba. Sikusoma ya chemchemi.

Profesa alitabasamu. Nilitegemea hilo, na liliniuma kama nilivyotegemea. "Kwa hiyo umekubali," akasema. Nikamwambia, "Nimekubali kwamba nimekosea nusu. Zamu yako." Afisa akasema kibali ni kibali, chimbeni.

Wakachimba. Sanda hakuna, mbao hakuna, mgomba umekuwa udongo mweusi tu. Mawe yapo. Ulisema mawe ya uzito, Baba Mkubwa. Hukusema ni mawe ya namna gani, nadhani hukuwahi kuyaona. Ni tisa, yamechongwa miraba, kubwa kifuani, madogo yanashuka mpaka miguuni, na kila moja limeinamishwa kidogo kuliko lililotangulia, kama ukuta unaoanguka bila kufika chini. Yamelala vilevile yalivyopangwa. Mtu alikuwa anatengeneza maiti yake mwenyewe, polisi wako mlangoni, na bado akapanga!

Profesa alivua miwani. Akasema, "Hii ni yake. Hii ndiyo kazi yake ya mwisho," akaanza kulia, mtu mzima, mwamvuli umeanguka. Mimi nikashuka shimoni. Nikapitisha kidole kwenye kingo za jiwe kubwa. Alama za patasi zimelala kushoto, zote, mawe yote tisa. Nikamwita. Akashuka, akaweka kidole pale nilipoweka changu. "Na hii ni ya babu yangu," nikasema. Tulikaa humo shimoni wawili, tukayapapasa mawe moja moja mpaka la tisa.

Kisha akaniuliza, "Kama hakuzikwa hapa, yuko wapi?" Nyuma yake, juu ya chemchemi, niliiona migomba inatokeza kwenye ukungu. Nikasema sijui. Katika maisha yangu yote ya kuandika nimekosea mara nyingi, lakini huo ndio uongo wangu wa kwanza. Yeye aliomba abaki kwenye orodha, nami sina haki ya kumtoa. Niambie kama nimefanya vyema.

Sasa lililobaki ndilo linalonitisha. Wachimbaji wamekataa kufukia. Nimeongeza ujira wakakataa. Mkubwa wao, Shabani, ameniambia, "Mama, kaburi tupu sisi hatufungi. Leteni mwenyewe." Wakafuta majembe wakaondoka. Profesa naye ameondoka. Shimo liko wazi, tumelifunika mabati mawili. Mke wa Jonas amewakataza watoto kwenda chemchemini, watu wa jirani wanazunguka njia ya mbali, na leo asubuhi fundisho la kipaimara limeahirishwa kwa sababu kikanisa kinatazamana na shimo. Wananisalimu haraka haraka kama mtu mwenye ugonjwa. Jonas ametuma neno kutoka hospitali kwamba anahisi baridi mguuni, ule mzima.

Masika inaingia wiki ijayo. Shimo litajaa maji. Nilijiambia mimi ni mtu wa vitabu, lakini nimepita pale leo mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta natembea upande wa pili wa njia. Sijui nifanye nini.

Mwanao,
Elieshi


Rangwi, 16 Machi 2024

Mwanangu Elieshi,

Marahaba.

Umefanya vyema. Uongo ule nautwaa mimi, nina nafasi ya kuubeba.

Mawe yale kweli sikuyaona. Nimeisoma sehemu hiyo mara nne. Baba alikuwa na jeraha la patasi kwenye kidole gumba cha kulia mwezi ule, nilidhani amejikata akichonga mpini.

Mwambie Shabani asiogope na watoto wateke maji. Mwenyewe yupo. Nimewaza siku tatu kwa nini nimeliogopa shimo lile miaka yote hii, nikakumbuka siku ya mazishi ilivyokuwa. Walisimama pale watu zaidi ya arobaini, na kila mmoja alijua anazika mgomba isipokuwa askari, Bwana Shauri na mimi. Askari alikuwa kazini. Bwana Shauri alikuwa anaandika. Aliyezika mtu kweli ni mimi peke yangu.

Jumatano nitateremka na Clemence, anitengee kiti cha mbele, kabichi zikae nyuma. Nitakaa nyumbani kwa Jonas muda wowote uliobaki. Mabati yaongezeni yawe manne, yawekeeni mawe ya kawaida, na mfereji uchimbwe pembeni maji ya masika yasiingie. Yale tisa usimpe mtu wa makumbusho hata akilia. Yahifadhi yakiwa na namba kwa mpangilio wake, kwa sababu mtayarudisha juu yangu kama yalivyokuwa, kubwa kifuani.

Usinibishie katika hili. Bado naogopa, sitakuficha. Lakini kaburi linadai mtu wake, na pale hakuna mwingine. Wote waliigiza. Aliyelia ni mimi.

Baba yako Mkubwa,
Lucian